Kompyuta Iliyozimika Mchana wa Jua

Mume wangu aliiunda kompyuta yetu mwenyewe, sebuleni, juu ya meza ya chakula. Vipande alivinunua kimoja kimoja kwa miezi mingi na kuvihifadhi kabatini ndani ya maboksi yake. Siku alipoviunganisha hatukuruhusiwa kupita pale tukiwa na soksi, kwa kuwa alikuwa amesoma mahali kwamba soksi huzalisha umeme unaoua mazabodi, ile bodi kuu ya mashine. Ilipowaka kwa mara ya kwanza aliipiga picha pande zote, pamoja na feni zake zenye taa za rangi, akazituma picha hizo kwa ndugu zake Dar es Salaam na Tanga. Wakampongeza. Mtu asiyejua angedhani amepata mtoto.

Mtumiaji nilikuwa mimi. Kabla ya kuja Sydney nilikuwa mwandishi wa habari. Hapa ni mkalimani. Nafanya kazi nyumbani kwetu Rooty Hill, katika chumba cha nyuma ambacho ni ofisi yangu mchana na stoo ya mume wangu wakati wote. Hospitali hunipigia kwa video. Daktari na mgonjwa wake wanakuwa upande mmoja wa skrini, mimi upande wa pili, nikibeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Wagonjwa wengi ni Wakongo na Warundi. Kiswahili chao kina Kifaransa ndani yake na ngeli zinazokwenda zitakako, lakini tukishasalimiana tunakuwa watu wa nyumba moja. Sijawahi kuipenda kazi nyingine kama hii. Wakala anayenipa kazi hana masharti mengi: mlango uliofungwa, kamera iliyotulia, na kompyuta isiyokatika. Simu ya mkononi haikubali.

Kompyuta ikaanza kukatika.

Haikutoa onyo lolote. Skrini ilibaki na taa yake, ikilalamika kwamba haioni mashine. Taa ya dari iliendelea kuwaka. Intaneti ilikuwa hewani. Kompyuta peke yake ndiyo iliyokuwa imekufa, feni zimesimama, taa zake za harusi zimezimika. Baada ya muda mfupi ilijiwasha yenyewe, kana kwamba ilikuwa imetoka nje kunyoosha miguu. Kuna siku ilitulia baada ya hapo mpaka jioni, na kuna siku ilizima tena kabla sijamaliza kuandika nywila.

Mara iliyoniuma zaidi nilikuwa na mama mmoja wa Kikongo aliyelazwa. Daktari alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, na katika kazi hii ukiona daktari anavuta kiti, unajua. Akasema kwa Kiingereza kwamba majibu ya kipimo yamerudi na kwamba si habari njema. Nilifungua mdomo kutafsiri. Mashine ikazima.

Nilipofanikiwa kurudi, walikuwa wameshatafutiwa mkalimani mwingine. Msimamizi wangu kwa yule wakala, mwanamke mpole asiyepandisha sauti, alinipigia mchana huohuo. Hospitali ilikuwa imelalamika. Alisema anaelewa kwamba mashine ni mashine, lakini lalamiko jingine la aina hiyo litaniondoa kwenye kazi za video. Na kazi zangu zote ni za video.

Nilimweleza mume wangu kwa maneno hayohayo: mashine ikizima tena mbele ya mgonjwa, sina kazi. Nikapendekeza ninunue kompyuta ya mkononi dukani, ya kawaida tu, iliyoundwa na watu wasionijua. Alinitazama kama niliyetangaza kwamba naleta mume wa pili.

"Mashine nzima ipo hapa," akasema. "Inataka kuchunguzwa tu."

Basi ikaanza kuchunguzwa. Kwa desturi ya wanaume wetu wa hapa, uchunguzi hufanyika Jumamosi, baada ya zamu, baada ya mpira, na baada ya kuhakikisha kwamba jikoni kuna kitu. Wataalamu walikuwa wawili. Wa kwanza ni nesi, Mkenya wa Blacktown, mtu mwema wodini bila shaka. Hucheza michezo ya kompyuta, na kwa sababu hiyo huamini anaijua kompyuta kwa ndani, kama vile mtu aaminivyo kwamba anajua kilimo kwa kuwa anakula. Wa pili ni Mtanzania mwenzetu anayesomea shahada ya uzamili ya usalama wa mitandao. Huyu sikumwona akishika bisibisi hata mara moja, lakini alikuwa na msamiati.

Walifika jua limeshatua. Wakala pilau, wakasifu pilau, kisha wakaenda kumtazama mgonjwa.

"Shem, hii kitu inachemka tu," nesi akaniambia baada ya kuchungulia ndani kwa tochi ya simu. "Ona vumbi, iko mob, imejaa kila mahali. Hata mimi ningezima."

Wakafungua, wakapuliza vumbi lote likaniangukia mezani, wakaipaka prosesa ile dawa ya kupoza inayofanana na dawa ya meno. Mwanafunzi wetu alisimama nyuma yao mikono ameikunja kifuani, akasema kwamba tatizo si joto, dalili zote ni za RAM, na kwamba yeye angeanzia huko, ila hataki kuingilia. Mume wangu naye akafungua kumbukumbu za mashine yenyewe, mahali inapoandika kila lililoipata, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Mashine ilikuwa imeandika kwamba imezimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Wakatikisa vichwa wote watatu. Nami nilikuwa nimewaambia hivyo tangu mlangoni, bure, kwa Kiswahili.

Wakaipa mazoezi makali. Wakaendesha programu za kuichosha, wakacheza mchezo wenye mizinga, wakailaza na kuiamsha. Ikafanya kazi vizuri mpaka wageni wakaaga. Mume wangu alinitazama kwa huruma ya mshindi. Jumatatu mchana ikazima.

Jumamosi iliyofuata wakabadilisha RAM, na mwanafunzi akapongezwa. Nyingine wakabadilisha pawa saplai, wakaweka kubwa zaidi, inayoweza kuendesha kompyuta na nusu ya mtaa. Kila mara majaribio yalifaulu na kila mara sahani zilirudi tupu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona ikizima. Kule nilikofanyia kazi zamani, mtu asiyefika eneo la tukio hakuachiwa kuandika habari yake. Hapa ndiye aliyeongoza kikao.

Uchunguzi ulipokwama walimgeukia shahidi, na shahidi nilikuwa mimi. Mwanafunzi aliniuliza kwa adabu nyingi kama huwa ninafungua kurasa nyingi kwa pamoja. Nesi akauliza kama miguu yangu, nikiwa nimekaa, hufika kwenye mashine. Mume wangu akatoa nadharia kwamba huenda ninabonyeza kitufe cha kuzimia kwa goti, bila kujua, hasa mazungumzo yakiwa mazito.

"Shemeji, hatusemi ni wewe," mwanafunzi akasema. "Tunaondoa uwezekano mmoja mmoja."

Binti yetu, ambaye huelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza tu, alipita akimwambia baba yake amnunulie mama kompyuta ya mkononi, mambo yaishe. Baba yake akaomba bisibisi.

Kati ya Jumamosi hizo nilipangiwa tena yule mama wa Kikongo. Ilikuwa siku ya mvua na mashine ilitulia. Daktari alipotoka kidogo kutafuta karatasi, mama akaisogelea kamera akanitazama vizuri.

"Ni weye ule ulinikimbia?" akauliza.

Mkalimani haruhusiwi kuwa na mazungumzo yake na mgonjwa. Nilimwambia tu kwamba mashine ilikuwa imezimika. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayempokea mtoto uongo wake ili asimwaibishe. Alikuwa ameamini tangu siku ile kwamba nilisikia habari yake, nikaiogopa, nikakata. Sikuwa na njia ya kumthibitishia vinginevyo. Nilipovua hedifoni niliamua kwamba wataalamu wametosha, nitachunguza mwenyewe.

Nilianza na swali ambalo mwandishi yeyote wa habari huanza nalo, na ambalo wao hawakuwahi kuliuliza: lini. Jibu lilikuwa wazi kiasi cha kutia hasira. Haikuwahi kuzima jioni wala asubuhi na mapema. Haikuwahi kuzima siku ya mvua. Ilizima mchana, siku za jua kali, anga likiwa tupu.

Nilifanya kosa la kuwaambia. Nesi alifurahi mno. Jua ni joto, na joto yeye alilisema tangu siku ya kwanza. Wakaivua kompyuta ubavu wake mmoja, wakailetea feni ya mezani, wakaielekeza tumboni mwake. Kwa muda nilifanya kazi kando ya mashine iliyoachwa matumbo nje kama mbuzi wa shughuli, huku feni ikinipeperushia karatasi.

Kisha Julai ikaja na baridi yake. Nyumba za huku zimejengwa na watu walioamini kwamba baridi haitakuja, kwa hiyo ndani ya chumba changu nilikuwa na blanketi magotini na kofia kichwani, ambayo niliivua kila video ilipofunguka. Siku moja ya namna hiyo anga lilikuwa safi, jua limejaa uani bila kumpasha mtu joto. Niligusa chuma cha kompyuta, kilikuwa baridi kama bomba la maji. Nikiwa bado nimeweka kiganja pale, ikazima. Bahati njema hakukuwa na mgonjwa. Joto, mshukiwa wao mkuu, halikuwa hata karibu na eneo la tukio.

Kwa hiyo haikuwa joto. Ilikuwa jua lenyewe. Nilijua jinsi hilo linavyosikika, na sikumwambia mtu.

Kesho yake niliomba nisipangiwe kazi za mchana. Nilivua hedifoni ambazo huwa nazo masikioni saa zote za kazi, nikaiacha kompyuta ikiwaka, nikaingia chini ya meza na blanketi langu, nikakaa. Mume wangu na wenzake walikuwa wamepiga magoti mahali hapohapo kila Jumamosi, wakitazama ndani ya mashine. Mimi nilifuata waya wake unakoishia.

Uliishia kwenye gadi. Kwa asiyewahi kuishi na umeme wa kwetu, gadi ni kiboksi cheupe kinachokaa kati ya ukuta na kifaa. Umeme ukipungua sana au ukizidi, kinaukata. Ukitulia, kinangoja kidogo, kisha kinaurudisha. Dar es Salaam hakuna friji wala televisheni inayochomekwa bila gadi, sawa na mtu asivyotoka nyumbani bila nguo. Hii ya kwetu mume wangu aliibeba kwenye begi la mkononi tulipohama. Pini zake ni zile tatu za mraba za nyumbani, kwa hiyo aliivisha kiunganishi ili iingie kwenye tundu za hapa. Hakuna mtaalamu aliyeishuku. Kila mmoja wao anayo kwake, ameibeba vivyo hivyo, na kwa macho yao gadi ni sehemu ya ukuta.

Jua lilipopanda nilisikia mlio mdogo, tak, kama wa mtu anayefunga kopo. Taa ya kijani kwenye gadi ikageuka nyekundu, ile inayosema umeme umezidi. Juu yangu feni za kompyuta zikasimama. Nilikaa palepale nikaitazama ile taa nyekundu mpaka ikarudi kuwa kijani. Mlio tena, na kompyuta ikajiwasha, kwa sababu mume wangu, mtu wa kwetu, alikuwa ameipanga ijiwashe kila umeme unaporudi.

Nilipiga simu kampuni ya umeme. Mwanamume aliyepokea alionekana kulijibu swali hilo mara nyingi. Mchana wa jua, akasema, paneli za juu ya mapaa humwaga umeme mtaani na nguvu yake hupanda. Bado iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, na vifaa vya nchi hii vimeundwa kwa ajili hiyo. Nilitoka nje nikatazama. Mapaa ya mtaa wetu yalikuwa yamejaa paneli, karibu yote isipokuwa letu la kupanga. Gadi ya mume wangu ilikuwa inapima umeme wa Rooty Hill kwa kipimo ilichokuja nacho kutoka Dar.

Jioni nilimweleza, kwa mpangilio, tangu mwanzo. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka mapema.

"Kwa hiyo gadi imeona umeme umezidi, ikakata," akasema.

"Ndiyo."

"Sasa kosa lake ni nini?"

Nikamwambia kwamba umeme haukuzidi, umeme ni wa hapa. Akanisimulia, kama ambavyo amenisimulia tangu uchumba, siku transfoma ya mtaani kwao ilipolipuka. Nyumba zote ziliunguliwa televisheni na friji isipokuwa ya mama yake, ambaye alikuwa na gadi. Ni kweli, umeme uliporudi yule mama alipoza nyama za mtaa mzima wiki ile, na sijawahi kulibeza hilo. Lakini nilimwambia kwamba transfoma ile iko mbali na mgonjwa wangu wa kesho.

"Kwangu hakichomekwi kitu ukutani kikiwa uchi," akasema, akaenda kuikagua gadi kama imekaa sawa.

Jumamosi aliliwasilisha suala mbele ya kamati. Nesi alifikiri sana, akasema hata yeye televisheni yake iko kwa gadi na hajawahi kujuta. Mwanafunzi, ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa akiondoa uwezekano mmoja mmoja, alisema suluhisho ni gadi kubwa zaidi, na kwamba kuna jamaa anakwenda Dar mwisho wa mwaka, anaweza kuagizwa. Wakakubaliana. Nilitoa sahani zao kabla hawajamaliza kula.

Siku ya kazi iliyofuata kulipambazuka bila wingu. Mume wangu alipoondoka, nilidhani anakwenda kazini kwake, ghalani Smithfield. Niliingia chini ya meza, nikaichomoa gadi, nikaichomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Nikafunga mlango.

Adhuhuri nilipewa baba mmoja wa Kirundi. Mwanawe mchanga alikuwa anaandaliwa upasuaji wa moyo, na daktari alitaka kumweleza kila hatua kabla ya kuchukua sahihi yake. Kanuni yetu ni kwamba mkalimani hana sauti yake. Mgonjwa akisema naogopa, nasema naogopa. Sielezi wala siongezi neno langu, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuwa chumbani.

Tulikuwa tumefika mahali ambapo daktari anaeleza jinsi moyo unavyosimamishwa kwa muda, niliposikia hewa ya baridi mgongoni. Mlango ulikuwa umefunguka. Mume wangu alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akarudi zake nyumbani mapema, nami sikuambiwa. Aliinama chini ya usawa wa kamera, hilo nampa, akaja akitambaa kwa magoti. Akaona gadi iko sakafuni na waya umeingia ukutani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta jiko la gesi limeachwa wazi.

"Moyo wake utasimama?" yule baba akauliza.

Nikauliza kwa Kiingereza kama moyo wake utasimama. Chini ya meza mume wangu aliushika waya.

Daktari alianza kujibu, polepole, kwa sentensi fupi, kama wanavyofundishwa. Nilishusha mguu wangu wa kulia nikaukanyaga mkono wake pale waya ulipoingia ukutani. Sikuukanyaga kwa kumwonya tu. Nilimwambia yule baba kwamba ndiyo, moyo utasimama kwa muda, na mashine itafanya kazi yake mpaka moyo uanzishwe tena. Mume wangu alijaribu kuvuta kiganja. Nikaongeza uzito. Yule baba akauliza nani atakuwa anaitazama hiyo mashine, na itakuwaje ikizima. Nikatafsiri, neno kwa neno, sauti yangu ikiwa imetulia kuliko ilivyowahi kutulia. Daktari akasema kuna mtu ambaye kazi yake pale ndani ni hiyo tu, kuitazama, na haondoki.

Mume wangu aliacha kuvuta.

Tulimaliza. Baba alitia sahihi. Daktari alinishukuru, nami nikafunga video, na kompyuta ikaendelea kunguruma ukutani, uchi, jua likiwa limejaa dirishani.

"Umenikanyaga," sauti ikatoka chini.

"Nimekukanyaga."

"Na ikiungua?"

"Ikiungua nitakwenda dukani, niinunue ile nyingine, na hutanena."

Kule chini aliyapima mambo hayo mawili, kuungua kwa mashine yake na kuingia kwa ile ya dukani, bila shaka akitafuta lililo baya zaidi. Kisha akaiokota gadi, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaitia kwapani. Aliniambia kwamba kimsingi alikuwa ameshafikia uamuzi huohuo kuhusu gadi, tangu juzi, ila alitaka kujiridhisha.

Video nyingine ilikuwa imeshaanza kuita. Nilimwonyesha mlango kwa kidole, nikangoja mpaka aufunge, nikampokea mgonjwa.